Mikono Mitatu

Nianze na sheria, maana usipoijua sheria hutaelewa mke wangu alikufaje.

Boti yetu ni ya kupeleka watu kutazama nyangumi. Abiria kumi na wawili, nahodha, mimi na mke wangu, basi. Nahodha anashika usukani. Mimi nakaa juu ya paa la chumba chake, kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa kamba miguu yote minne, natafuta. Ndiyo maana wananiita Bwana Macho. Mke wangu alikuwa wa ndoo. Watu wa nchi kavu wakifika kwenye maji makubwa matumbo hugeuka, naye alipita kati yao na ndoo ndogo za bluu, chupa ya tangawizi ya moto, na kitambaa cha kufutia midomo. Abiria walimwita Mama Ndoo, naye akaitika. "Wako wanaoitwa Mheshimiwa na hata ndoo hawana," alikuwa akisema.

Sheria ni hii: boti haigeuki kurudi mpaka abiria watatu wainue mikono kwamba wamemwona nyangumi. Pomboo hahesabiwi. Kasa hahesabiwi. Papa akitoka majini akawasalimia kwa majina, hahesabiwi. Nyangumi. Na mikono ikishainuka, boti inakaa hapohapo dakika ishirini ndipo igeuke. Isipoinuka, mnazunguka mpaka saa nane mchana, na abiria wote wanapewa safari nyingine ya bure. Hiyo ya bure ndiyo iliyokuwa ikimuuma Meneja kama jipu la kwapani.

Meneja tunamwita Kiyoyozi, kwa sababu ukitaka kumwona sharti ukubali kutetemeka. Ofisi yake iko juu ya dirisha la tiketi, madirisha yamefungwa mwaka mzima. Boti yenyewe aliipanda mara moja tu, siku ya kuizindua, ikiwa imefungwa gatini.

Lakini nisiseme uongo. Sheria ile aliileta kwa sababu yetu. Zamani ilitosha mimi nipige filimbi niseme nimeona, boti ikageuka. Na kuna siku bahari ni tupu kama sahani ya msiba wa jana, jua linapasua kichwa, na nyumbani binti yenu ana homa. Nikapiga filimbi. Nilipiga mara nyingi, sitaficha. Mwisho abiria mmoja akaandika barua ya kurasa tatu, Kiyoyozi akatuita, akatuambia kuanzia leo filimbi yako haina kazi, Bwana Macho, macho yanayohesabiwa ni ya mteja. Mfanyakazi hahesabiwi.

Nilidhani ametuweza. Mke wangu alicheka njia nzima tukirudi nyumbani.

"Mikono mitatu tu?" alisema. "Mbona hiyo naiinua mimi nikiwa nimelala."

Na aliiinua. Nyangumi akizama huacha juu ya maji duara laini, kama mtu amemwaga mafuta. Mawimbi yanalizunguka hayaligusi. Mke wangu alikuwa akichuchumaa kando ya abiria aliyekwisha kutapika, akamfuta mdomo, akamwambia polepole: "Usimtafute nyangumi, mwanangu. Nyangumi ni mkubwa mno, macho yanamkataa. Tafuta maji yaliyolala. Unayaona?" Abiria anakaza macho, anasema anayaona. "Basi hapo alikuwapo. Ukishaona kitanda, umemwona mwenye kulala." Na mkono unapanda wenyewe. Saa nyingine nyangumi alikuwapo kweli. Saa nyingine lilikuwa ni duara la upepo tu, bahari ina mengi. Lakini wale watu walirudi gatini na furaha zao, na sisi tukarudi kwa mtoto wetu. Sijui nani aliumia.

Mwaka huo, katikati ya msimu, alianza kulalamika bega. Bega la kulia. Nikamwambia ni ndoo hizo, nikamsugua kwa mafuta ya moto. Kesho yake akasema na tumbo. Akapanda kwa Kiyoyozi kuomba siku moja ya kupumzika. Alirudi akiwa amejikunyata, sijui kwa baridi ya mle ndani au kwa maumivu.

"Amesemaje?"

"Amesema msimu huu nyangumi hawaombi ruhusa, itakuwa mimi."

"Tusiende kesho. Atatufanya nini?"

"Atatufukuza, atatufanya nini tena," alisema. "Lala, baba. Ni hedhi tu imechelewa, ikija itapoa."

Siku ile tuliondoka saa moja asubuhi. Abiria wote kumi na wawili. Kulikuwa na bwana na bibi waliofunga ndoa wiki iliyopita, hawaoni kitu isipokuwa wao wenyewe. Kulikuwa na bibi mmoja wa kofia pana kama ungo. Na kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu mwenye darubini shingoni, amekaa peke yake upande wa kushoto, mgongo umenyooka kama anasimamia mtihani. Hao wengine siwakumbuki vizuri.

Bahari ilitupa vitu siku ile, nayo ilikuwa kama inatudhihaki. Nje kidogo ya mwamba pomboo walitujia, kundi kubwa, nilihesabu arobaini nikaacha. Waliruka mbele ya boti, watu wakapiga picha. Kasa watatu walipita, mmoja baada ya mwingine, wamechoka kama wazee wanaotoka kupanga foleni ya pensheni. Samaki wa kuruka mmoja alianguka kwenye mapaja ya bibi harusi, akapiga yowe, tukacheka wote. Mke wangu alimshika yule samaki akamrudisha majini, na alipoinama nikamwona ameshika ukingo wa boti kwa mkono mwingine, muda mrefu, kama anasubiri kitu kipite.

Saa tatu kasoro alianguka. Hakuanguka kwa kishindo. Alikaa chini tu, ndoo mkononi, akashindwa kusimama. Nilishuka kutoka paani nikambeba, nikamlaza kwenye benchi nyuma ya usukani, juu ya majaketi ya akiba. Midomo yake ilikuwa imepauka. Nikamfungua kiganja, nacho kilikuwa cheupe kama karatasi.

"Geuza boti," nikamwambia nahodha.

Nahodha si mtu mbaya. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, angekuwa mbaya ningepumzika. Alikuwa akimwita mke wangu dada na mimi shemeji, kwa mazoea ya kazi, na mke wangu ndiye aliyemshonea shati alilooa nalo. Alimtazama pale kwenye benchi, akachukua redio.

"Meneja, huyu Mama Ndoo ameanguka. Naomba kurudi."

Redio ikakwaruza. "Mmeona?"

"Bado. Pomboo tu."

"Ameanguka ameumia wapi?"

"Hakuumia. Tumbo."

"Bahari hiyo. Mpeni tangawizi yake mwenyewe," sauti ya Kiyoyozi ikasema, na nadhani kuna mtu alicheka upande ule. "Mikono mitatu, Nahodha. Ukigeuza bila mikono, hao kumi na wawili utawapeleka wewe bure kwa boti ya baba yako."

Nahodha akarudisha redio mahali pake. Hakunitazama. "Shemeji, panda juu utafute. Tukimpata upesi tutarudi upesi."

Niliweka mkono wangu juu ya usukani, kando ya mkono wake.

"Ukiushika huo," alisema taratibu, "ni jela. Mimi na wewe. Nani atamhudumia dada?"

Niliuondoa mkono. Hilo nalo naliandika hapa. Miaka hii yote nawalaumu wao, na nitawalaumu mpaka nafukiwa, lakini mkono ulikuwa wangu na niliuondoa.

Nikapanda juu. Nikatazama dakika kumi, ishirini. Hapakuwa na kitu. Basi nikapiga filimbi.

"Upande wa kulia," nikasema. "Mbele kidogo ya lile povu. Ametoa pumzi, amezama."

Wote walikimbilia kulia, boti ikainama. Bibi wa kofia aliinua mkono mara moja, yule mama alikuwa na moyo mwema, angeinua hata ningesema nimeona treni. Bwana harusi akainua, mkewe amemshika mkono mwingine. Miwili. Nahodha akatoa kichwa dirishani akihesabu. Nikasema kwa sauti: usitafute nyangumi, tafuta maji yaliyolala. Lakini maneno yale kinywani mwangu yalikuwa kama nguo ya kuazima. Mtu wa juu ya paa hawezi kumshawishi mtu. Sharti uchuchumae.

Mwalimu alikuwa na darubini machoni. Alitazama muda mrefu, kwa haki kabisa. Akaishusha.

"Mimi sijaona kitu," alisema. "Hilo ni wimbi."

"Hebu mzee inua tu," bwana harusi akasema. "Wawili wetu tumeona."

"Nimelipa nione. Sikulipa niambiwe."

Nilishuka. Nikamsogelea, nikamwambia kwa chini, maana tumekatazwa kuwatia abiria wasiwasi. Nikamwambia mke wangu anaumwa, yuko kwenye benchi pale, na boti haigeuki mpaka mkono wa tatu.

Alinitazama kama mimi ni mwanafunzi aliyeleta kisingizio kipya. "Anaumwa kweli?"

"Kweli, mwalimu."

"Basi mrudisheni. Kwa nini mnataka niseme uongo ndipo mtu atibiwe?"

"Ndiyo sheria."

"Sheria gani ya namna hiyo?" Akamgeukia nahodha. "Nahodha, huyo mama ni mgonjwa sana?"

Nahodha akatabasamu. Tabasamu lile wanafundishwa, nililiona siku ya semina. "Ni tumbo la bahari tu, mzee. Hata waliozoea huwapata."

Mwalimu alikuwa amekwisha kushika kofia yake, nakumbuka, kama mtu anayejiandaa kufanya jambo asilolipenda. Mkono wake wa kulia uliacha darubini. Ulikuwa umefika kifuani. Ningeapa mbele ya mtu yeyote kwamba ulikuwa unapanda.

Ndipo mke wangu akatokea mlangoni.

Alikuwa amesikia yote, benchi lenyewe liko hatua tatu. Alikuwa amejifuta uso, amefunga kanga yake vizuri, ameshika fremu ya mlango kwa mkono wa kushoto. Na ule wa kulia ameuinua, bega lile bovu, mpaka juu ya kichwa. Na alikuwa anacheka. Cheko lake la kazi, lile la ndoo.

"Mimi nimeona," alisema. "Jamani na mimi si mtu? Nimemwona kwa haya macho, mkubwa kama deni la serikali."

Boti nzima ilicheka. Bibi wa kofia akapiga makofi.

"Dada," nahodha akasema, naye anacheka kwa kupata nafuu, "wewe huhesabiwi."

"Ah. Basi nimepunjwa."

Wakacheka tena. Na mwalimu alimtazama Mama Ndoo amesimama, anatania, uso unang'aa kwa jasho ambalo kwa mbali ni kama afya. Akanitazama mimi. Kwa macho yale alinieleza mimi ni mtu wa namna gani. Mkono wake ukarudi kwenye darubini.

Nimelifikiria jambo hili kuliko yote. Angebaki amelala, mkono ule ungeinuka. Lakini miaka tisa walimfundisha hivyo, mbele ya mteja unacheka, na yeye alidhani anakuja kunisaidia.

Alirudi kwenye benchi kwa kushika ukuta. Nilimkuta amejikunja, magoti kifuani.

"Wa darubini ameinua?" aliuliza.

"Bado kidogo."

"Huyo mgumu. Huyo ni wa kumkalia karibu." Akafumba macho. "Nipe dakika, nitamfuata."

Tulizunguka. Nahodha aliongeza mwendo, nampa haki yake, alikuwa akizunguka kama anayetafuta mtoto aliyepotea sokoni. Saa tatu na nusu, bila mtu kupiga filimbi, nyangumi wakaja wenyewe.

Walikuwa wawili, mama na mtoto. Walitokea upande wa nyuma, karibu mno, tulisikia pumzi kabla hatujaona kitu, pumzi nzito yenye uvundo wa samaki waliolala, na mvuke ukatuangukia usoni. Mgongo wa mama ulipita ukapita ukapita, hauishi. Mtoto alikuwa amemlalia ubavuni, mweusi, bado ana mikunjo. Mama akageuka ubavu akainua pezi lake lote juu, refu, jeupe kwa ndani, likakaa hewani maji yakichuruzika. Katika miaka kumi na minne ya kazi sijawahi kuona nyangumi akikaa vile, karibu vile, kwa utulivu vile. Nawaeleza mjue. Ilikuwa nzuri. Niliichukia.

Mikono iliinuka kumi na miwili. Mwalimu aliinua wa kwanza, na alikuwa analia.

"Tugeuze," nikasema.

"Dakika ishirini," nahodha akasema. Akaangalia saa yake. "Meneja anasikia redio, shemeji. Anasikia injini."

Nilikaa sakafuni kando ya benchi. Nje watu walikuwa wakisema aa, kwa pamoja, kama watoto wanaotazama fataki. Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi, na huko ndani ya baridi mlikuwa na jasho.

"Wameona?" aliuliza.

"Wameona."

"Wote?"

"Wote kumi na wawili."

"Na wa darubini?"

"Analia."

Akatikisa kichwa kidogo, ameridhika, kama fundi aliyeambiwa mlango wake unafunga vizuri. "Wako wangapi?"

"Wawili. Mama na mtoto."

Dakika zikaisha, boti ikageuka. Alipohisi injini imebadilika sauti alifumbua macho akasema, "Ndoo zioshwe kwa maji ya moto, yule bibi wa kofia ametapika mbili." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, na kama mtu anatafuta hekima ndani yake atafute mwenyewe, mimi sijaiona.

Gati lilipoanza kuonekana alikuwa amekwisha kwenda. Nilijua. Lakini tulimbeba, tukampakia kwenye gari, tukampeleka hospitali, kwa sababu mtu hawezi kukaa tu. Daktari alikuwa msichana mdogo aliyechoka. Alinieleza kwa kuchora nyuma ya boksi la glavu. Mimba ilikuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi, ikapasua mrija, damu ikajaa tumboni kimyakimya. Na bega, akasema, ni ile damu iliyokuwa ikisukuma huko juu, haikuwa ndoo.

Hatukujua kama ana mimba. Binti yetu alikuwa na miaka kumi na saba. Tulidhani tumekwisha kufunga duka.

"Mngemleta saa moja mapema," daktari alisema, kisha akaona uso wangu akalikunja lile boksi.

Saa moja. Dakika arobaini za kuzunguka na ishirini za kutazama. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hiyo hesabu naiweza.

Kiyoyozi alikuja msibani, amevaa miwani myeusi. Alisimama akasema marehemu alikuwa mama wa kampuni. Barua ya ofisi ilikuja baadaye, binti yangu akanisomea: mfanyakazi alifariki hospitalini, baada ya safari kumalizika salama. Nikamwambia asome tena hapo. Akasoma tena. Salama. Nilikwenda bandarini kwa mkaguzi wa vyombo, nikasimulia yote. Aliandika mstari mmoja, akaniuliza kama mimi ndiye yule aliyekuwa akipiga filimbi za uongo. Nikasema ndimi. Akafunga kalamu. Njia ya mwongo fupi, wamesema wahenga, na wakubwa hukaa mwisho wa hiyo njia wakikusubiri.

Sasa nifike kwenye ubao.

Gatini, kando ya dirisha la tiketi, kuna ubao mweusi wa chaki. Kila jioni karani anaandika walioonekana siku hiyo. Na juu kabisa, ndani ya mstari wa njano, kuna nafasi ya SIKU BORA. Hiyo haifutwi mpaka ije siku nyingine iliyoishinda. Niliporudi kazini baada ya wiki tatu nilikuta imeandikwa tarehe ile. Nyangumi 2, mama na mtoto, karibu sana. Pomboo 40. Kasa 3. Mikono 12 kati ya 12. Abiria walipanga mstari kupigwa picha nao.

Nilimwambia karani aifute. Karani ni mama mtu mzima, mnene, mwenye huruma, aliyemjua mke wangu.

"Baba, siwezi. Ile inafutwa na siku, haifutwi na mimi."

"Siku ya namna gani?"

"Iliyozidi. Nyangumi watatu. Na kila mmoja awe na mikono yake mitatu, ndivyo Meneja anavyotaka."

Watu wananiuliza kwa nini sikuacha kazi ile. Binti yangu mwenyewe aliniuliza, kwa ukali, kabla hajaolewa: baba, unakulaje mkate wa watu wale? Jibu lilikuwa ule ubao. Kila asubuhi nilipita mbele yake kwenda kazini, kila jioni nilipita kurudi, na kila mara kilikuwa kimeandikwa kifo cha mke wangu kwa chaki, kinaitwa bora. Mimi niliyekuwa nikipiga filimbi za bure nikawa mtu wa kutafuta kweli. Nilitafuta mpaka macho yakaota utando. Msimu ule ukaisha. Ukaja mwingine, nikapata mmoja mmoja, nikapata wawili. Ndoo anashika msichana mwingine, mpole, sina ugomvi naye, lakini anazitoa kwa mkono ulionyooka kama anampa mtu bili.

Juzi, wiki ya mwisho ya msimu wa tatu, bahari ilikuwa imechafuka. Tuliwapata wawili asubuhi, madume, wanapigana vifua, mikono ikainuka karibu yote. Tukakaa dakika zetu. Nahodha alikuwa anageuza nilipoona kitu mbali, upande wa jua. Nikapiga filimbi. Nahodha akanitazama kutoka chini. Anajua natafuta nini, hajawahi kusema.

Abiria wengi walikuwa wameinamia ndoo. Mkono mmoja ukainuka. Wa pili ukainuka. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa chini ameegemea ukingo, uso wa kijani, ndoo katikati ya magoti.

Nilishuka. Nikamwendea, nikachuchumaa, magoti yangu yakalia. Nikamfuta mdomo kwa kitambaa.

"Usimtafute nyangumi, mwanangu," nikamwambia. "Ni mkubwa mno, macho yanamkataa. Tafuta maji yaliyolala."

Akakaza macho. Nikamwelekeza kidole. Akasema, "Pale penye kung'aa?"

"Hapo. Ukishaona kitanda, umemwona mwenye kulala."

Akainua mkono.

Kama mtaniuliza yule wa tatu alikuwapo kweli, sijui. Macho yangu si yale. Niliona duara, na duara la nyangumi na duara la upepo siku hizi kwangu ni ndugu.

Jioni karani aliniita, akataka nione. Alilowesha kitambaa, akafuta ndani ya mstari wa njano mara tatu, akaandika mapya. Nyangumi 3. Pomboo 11.

"Haya baba," alisema. "Roho imetulia?"

Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kwa misimu mitatu. Nilitazama pale. Ubao ulikuwa bado umelowa, maji yanashuka meupe kwa chaki, yakadondoka sakafuni, naye akayapangusa kwa mguu. Barua inasema baada ya safari. Mkaguzi ana mstari mmoja. Na sasa hata ubao umefutwa; ulisema uongo, lakini uliitaja tarehe. Niliitafuta siku ile nikaifuta kwa mikono yangu mwenyewe, na kwa maneno ya mke wangu mwenyewe.

"Imetulia," nikamwambia, maana alikuwa amenifanyia wema.

Nilipofika nyumbani nilitoa daftari la shule la binti yangu, lililobaki kurasa nyingi tupu. Mwandiko wangu ni mbaya, mtanisamehe. Naandika vile ubao ulivyoandikwa, na hapo mwisho narekebisha.

Nyangumi wawili, mama na mtoto. Pomboo arobaini. Kasa watatu. Samaki wa kuruka mmoja, alirudishwa.

Mikono kumi na mitatu.